Mguno wa Wanaotunza Programu

Tukikutana wenyewe kwa wenyewe, sisi tunaoishi kwa kuandika na kutunza programu za kompyuta, habari za teknolojia hatuzipokei kama wanavyozipokea wengine. Mmoja akituma kichwa cha habari, wa kwanza anaguna, wa pili anacheka, wa tatu anauliza swali ambalo tumeliuliza tangu tuingie kazini: hicho kinachotangazwa, nani atakitunza? Walio nje ya fani wakisikia kicheko hicho hudhani ni kiburi cha mafundi, au kijicho kwa waliofanikiwa. Sivyo. Ni uchovu. Tumeona mara nyingi mno jinsi kitu kinavyotangazwa kwa tarumbeta, kisha kikaachiwa watu wawili watatu wakibebe kimya kimya, na watu hao wakakumbukwa siku kinapoanguka tu.

Chukueni Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024. Kwetu kuna desturi ambayo hata mwanagenzi huifahamu kabla hajapokea mshahara wake wa kwanza: Ijumaa hugusi mfumo unaotumika, kwa sababu ukiharibika, wa kuutengeneza watakuwa wameshatawanyika. Siku hiyo, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilituma faili dogo la kusasisha programu yake ya ulinzi iitwayo Falcon. Halikupelekwa kwanza kwa wateja wachache ili kuona litafanya nini. Lilitumwa kwa wote kwa mpigo. Baada ya dakika 78 kampuni ililiondoa, lakini maji yalikwisha kumwagika. Kwa hesabu ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zinazotumia Windows ziliathirika, zikabaki zimeganda kwenye skrini ya buluu. Abiria wakalala kwenye sakafu za viwanja vya ndege, hospitali zikaahirisha upasuaji usio wa dharura, benki na vituo vya televisheni vikakwama. Shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta safari zipatazo 7,000 katika siku chache.

Baadaye kampuni ilieleza chanzo. Kanuni mpya ya kutambua mashambulizi ilitarajia taarifa 21, ilhali programu iliyomo ndani ya kompyuta za wateja ilikuwa ikitoa 20. Ilipokwenda kuisoma ya 21 haikuikuta, ikasoma mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kwa kuwa programu hiyo hukaa ndani kabisa ya mfumo endeshi, ilipoanguka ilianguka na mashine nzima. Kosa la kuzidisha moja ni la zamani kama fani yenyewe. Hufundishwa mwaka wa kwanza wa chuo, na ndiyo maana pakawekwa taratibu za kulinasa: majaribio, mtu wa pili kuipitia kazi ya wa kwanza, kutuma kwa wachache kabla ya wote. Taratibu hizo zinataka muda, na popote tulipofanya kazi, muda ndio kitu cha kwanza kunyofolewa mwenye fedha anapoipitia bajeti.

Hata hivyo, kilichotuuma zaidi si kosa lenyewe. Kompyuta zilizokwama hazikuweza kuponywa kwa mbali, maana hazikufikia hata hatua ya kuingia mtandaoni. Ilibidi mtu akae mbele ya mashine, aiwashe katika hali ya usalama, alifute lile faili kwa mkono, mara nyingi baada ya kuandika ufunguo wa tarakimu 48 wa kufungulia diski. Akimaliza moja, anaifuata ya pili, mpaka ya mia tatu. Kazi hiyo waliifanya mafundi wa ofisini, wale ambao siku za kawaida huitwa kuja kuchomoa karatasi iliyokwama kwenye printa. Magazeti yalihesabu hasara ya hisa na hasara ya mashirika ya ndege. Saa za mafundi hao hazikuhesabiwa. Kampuni iliwatumia washirika wake waliosaidia kuponi ya dola 10 ya kununulia chakula, na baadhi ya kuponi zikakataa kufanya kazi. Habari hiyo ya kuponi ilizunguka kwenye simu zetu kwa siku kadhaa, na kila aliyeipokea alijua kwa nini ametumiwa.

Miezi minne kabla ya hapo lilitokea jambo la kutisha zaidi, na watu wengi hawakulisikia kabisa kwa sababu lilizuiwa. Ipo programu ndogo iitwayo XZ Utils, ya kubana mafaili ili yachukue nafasi ndogo. Imo karibu katika kila seva ya Linux, na seva za namna hiyo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya intaneti. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, kwa muda wake wa ziada, bila malipo. Mwaka 2021 alijitokeza msaidizi aliyejiita Jia Tan. Akawa analeta marekebisho mazuri, kwa adabu, moja baada ya jingine. Mwaka 2022 wakazuka wengine wenye majina ambayo hakuna aliyewahi kuyaona, wakaanza kumsonga Collin: kazi inakwenda polepole, mradi umekushinda, mwachie mwingine. Collin akajibu hadharani kwamba anasumbuliwa na matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na kwamba wakumbuke mradi ule haulipwi. Mwishowe akamkabidhi Jia Tan mamlaka ya kutoa matoleo mapya. Mapema mwaka 2024 yakatoka matoleo 5.6.0 na 5.6.1, yakiwa yamefichwa ndani yake mlango wa uani. Mwenye ufunguo wa mlango huo angeweza kuingia kwenye seva bila kubisha hodi.

Aliyeokoa jahazi ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL. Alikuwa akipima mambo yake mengine kabisa akaona kwamba kuingia kwenye seva kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Wengi wangeipuuza. Yeye akaufuata uzi mpaka ukamfikisha kwenye XZ, na tarehe 29 Machi 2024, Ijumaa Kuu, akaitangazia dunia. Matoleo yale yalikuwa yameshaingia katika matoleo ya majaribio ya mifumo ya Linux ya Debian na Fedora, yakingoja zamu yao kufika kwenye seva za kazi.

Freund alisifiwa, na alistahili kila sifa. Lakini sisi tulipoisoma habari ile tulimfikiria Collin. Kampuni tajiri kuliko nchi nyingi zilijenga juu ya kazi ya mikono yake, na hazikuwahi kumwuliza kama anahitaji mtu wa pili wa kumsaidia. Mzigo wa mwenzio kwako ni kanda la usufi. Waliokuja kumvamia ndio peke yao waliouona uzito wa mzigo wake, na waliuona ili wautumie dhidi yake. Uchovu wa mtu mmoja ukawa tundu katika usalama wa dunia. Tundu la aina hiyo haliwezi kuzibwa na programu yoyote ya ulinzi, hata iuzwe kwa bei gani. Linazibwa kwa mshahara, kwa likizo, na kwa mtu wa pili wa kushika zamu.

Wala hatukuwa wageni wa jambo hili. Mwezi Aprili 2014 iligunduliwa hitilafu ya Heartbleed katika OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda nywila na malipo katika sehemu kubwa ya tovuti duniani. Ikaja kujulikana kwamba mradi huo ulikuwa ukipata michango ya dola 2,000 hivi kwa mwaka na una mfanyakazi mmoja tu wa kudumu. Machi 2016 kijana mmoja aligombana na wenye ghala la programu la npm, akaondoa kazi zake zote; mojawapo ilikuwa na mistari 11 tu, ya kuongeza herufi upande wa kushoto wa maandishi, na kukosekana kwake kukaangusha ujenzi wa programu za kampuni kubwa kwa saa kadhaa. Desemba 2021 ikaja hitilafu ya Log4j, programu iliyotunzwa na watu wa kujitolea, na tukakesha kabla ya Krismasi tukitafuta imejificha wapi. Kila mara viongozi wa kampuni walisema wamejifunza. Baada ya miezi michache bajeti ikapitishwa, na fungu la matunzo halikuwamo.

Mfano wa Daniel Stenberg wa Sweden unatusikitisha kwa namna ya pekee. Huyu ndiye mwenye curl, programu ya kusafirisha data kwenye mtandao aliyoitoa kwa jina hilo mwaka 1998 na ambayo leo imo katika simu, magari, televisheni na vifaa vya kila aina, kwa mabilioni. Januari 2022, moto wa Log4j ukiwa bado unafuka, alipokea barua pepe kutoka kampuni moja kubwa ya Marekani ikimtaka ajibu maswali kuhusu Log4j ndani ya saa 24. Curl haihusiani na Log4j hata kidogo. Kampuni ile haikuwa ikimlipa hata senti. Yaelekea ilikuwa imekusanya majina ya kila mtu ambaye kazi yake inaitumia bure, ikawaandikia kama inavyowaandikia wazabuni wake. Alijibu kwa upole kwamba yuko tayari kujibu yote mara watakaposaini naye mkataba wa huduma. Tulipoisoma barua hiyo tulicheka mpaka machozi, kisha tukanyamaza, kwa sababu karibu kila mmoja wetu anayo barua kama hiyo kwenye simu yake.

Stenberg huyo huyo amekuja kuwa shahidi wa adha mpya. Mradi wake ulikuwa ukitoa zawadi ya fedha kwa anayegundua hitilafu ya usalama. Zilipokuja zana za akili mnemba, watu wasiojua lolote kuhusu curl wakaanza kuziagiza ziwaandikie taarifa za hitilafu: ndefu, zenye lugha ya kitaalamu, zinazotaja hata sehemu za msimbo ambazo hazipo. Kuandika taarifa ya uongo huchukua dakika moja. Kuthibitisha kwamba ni ya uongo huchukua saa za mtu anayejua kazi. Mwanzoni mwa mwaka 2026 mradi ulisitisha zawadi hizo. Watafiti wa kweli waliokuwa wakipata chochote kwa jasho lao wakakikosa pamoja na wababaishaji.

Hapo ndipo tunapofika kwenye habari inayotawala siku hizi. Hatuichukii akili mnemba. Wengi wetu tunaitumia kila siku, na kwa kazi nyingine inasaidia kweli. Tunachokilalamikia ni namna inavyosimuliwa. Februari 2024, katika mkutano wa serikali za dunia uliofanyika Dubai, Jensen Huang, mkuu wa kampuni ya Nvidia, alisema kwamba ushauri wa kuwataka watoto wote wajifunze kuandika programu umepitwa na wakati, kwa kuwa kompyuta zitatengenezwa ziwe zinaelewa lugha ya kila binadamu. Maneno hayo yalifika mbali. Wazazi waliouza mazao yao wapate ada ya chuo walianza kutuuliza kama watoto wamekosea kozi. Anayeuza mashine anapotangaza kwamba binadamu hahitajiki tena, mwandishi wa habari ana wajibu wa kuuliza swali moja zaidi kabla hajachapisha, na mara nyingi haliulizi.

Maana kuandika hakujawahi kuwa sehemu ngumu ya kazi yetu. Mwenye daladala anajua kwamba gari halimalizi gharama siku linaponunuliwa. Kuna oili, breki, matairi, na fundi anayeijua sauti ya injini hiyo hata kabla hajaifungua. Programu nayo huandikwa mara moja na kutunzwa miaka 20. Kinachotukondesha ni kuelewa kwa nini aliyetutangulia aliandika alivyoandika, ni mteja gani anategemea kile kinachoonekana kama kosa, na ukigusa hapa patabomoka wapi. Julai 2025 taasisi ya utafiti ya METR ilitoa matokeo ya jaribio lililohusisha watengenezaji 16 wazoefu wakifanya kazi katika miradi huria, ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, waliyoizoea. Walipotumia zana za akili mnemba, walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Wao wenyewe waliamini kwamba wamekwenda haraka zaidi kwa asilimia 20. Zana zinabadilika na namba hizo si za milele, wala watu 16 si fani nzima. Lakini wakuu wanaopunguza watu kwa kutegemea hisia ya kasi wangezitazama kwanza.

Mwezi huo huo mfanyabiashara Jason Lemkin wa Marekani alieleza jinsi wakala wa akili mnemba wa kampuni ya Replit alivyofuta hifadhidata yake ya kazi, akiwa ameshaagizwa asibadilishe chochote. Mkuu wa Replit aliomba radhi na kuahidi kutenganisha mazingira ya majaribio na mazingira ya kazi. Utenganisho huo ndio jambo la kwanza tunalomfundisha mgeni. Ni elimu iliyopatikana kwa machungu ya watu wengi, na inasikitisha kuona inatupwa na kuokotwa upya kila panapozuka zana mpya, kana kwamba hakuna aliyewahi kuifanya kazi hii kabla.

Na hata hiyo akili mnemba inayosimuliwa kama kitu kilichojifunza chenyewe ina mikono ya watu nyuma yake. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Kenya, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa kazi ya OpenAI, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome na kuainisha maandishi ya ukatili na unyanyasaji, mashine ijifunze kuyaepuka. Walikuwa Nairobi, mwendo wa basi kutoka kwa baadhi yetu. Tofauti ya Collin na vijana hao ni bara tu.

Afrika Mashariki tuna mzigo wetu wa ziada. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania, Kenya, Uganda na majirani ikadorora. Simu zilizolia siku hiyo zililia mifukoni mwetu. Ilitubidi tuwaeleze mabosi kwamba hitilafu iko chini ya bahari, nasi hatuna meli. Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya, uliokuwa umekusanya zaidi ya huduma 5,000 za serikali mahali pamoja, ulifurikishwa maombi ya uongo na wavamizi. Walioomba viza na waliokata tiketi za treni wakakwama. Idadi ya huduma zilizoingizwa kwenye mfumo hutangazwa kila mara, kwa fahari, na ni fahari ya haki. Idadi ya watu wanaoulinda mfumo usiku haitangazwi, wala hatujasikia mwandishi akiiuliza.

Tunayajua haya kwa sababu tumekuwapo kwenye uzinduzi. Utepe unakatwa, mgeni rasmi anabonyeza kitufe, picha zinapigwa. Fedha za mradi zinaisha mwezi huo huo. Baada ya mwaka, aliyeandika mfumo amehamia kwingine, seva haijasasishwa, nywila iko kwenye daftari la mtu aliyestaafu, na mwananchi aliyesafiri tangu alfajiri anaambiwa dirishani kwamba mtandao unasumbua. Mara nyingi mtandao ni mzima. Kilichokosekana ni mtu anayelipwa ili mfumo uwe hai. Kijana mmoja anashika mifumo mitano ya ofisi, analala simu ikiwa chini ya mto, na siku mambo yakienda vizuri mwaka mzima anaulizwa kwa kweli anafanya kazi gani. Huo ndio udhalimu unaotuuma kuliko mshahara: kazi yetu ikifanyika vizuri haionekani, na isiyoonekana inakatwa.

Tuna hofu pia juu ya wanaotufuata. Kampuni zikiacha kuajiri wanaoanza kwa sababu mashine inaandika kazi za wanaoanza, wazoefu wa mwaka 2035 watatoka wapi? Freund aliishtukia nusu sekunde kwa sababu alikuwa na miaka mingi ya kujua kawaida ikoje. Jicho hilo halinunuliwi. Hupatikana kwa kukaa karibu na waliokutangulia, ukirekebisha vitu vidogo, ukikemewa, ukirekebisha tena.

Basi wenye vyombo vya habari, mkija kwenye uzinduzi ulizeni mfumo una watunzaji wangapi na fungu lao ni la miaka mingapi, kisha mchapishe jibu. Wenye kampuni mnaotumia programu huria, chukueni orodha ya mnazozitumia, mtenge fedha kila mwaka kwa wanaozitunza, hata kama hakuna aliyewadai. Na ninyi mnaosaini mikataba ya mifumo ya umma, mkataba usiotaja nani atautunza mfumo, kwa mshahara gani na kwa muda gani, msiusaini.